Kubazi la Kushoto

Zawena alipanda ngazi za wodi akiuburuta mguu wa kushoto, uliovimba tangu alipotolewa kizazi chenye saratani pamoja na tezi zote za nyonga. Leo mdogo wake, Sikitu, alikuwa anaruhusiwa kurudi nyumbani baada ya upasuaji wa ugonjwa huohuo. Zawena alimletea makubazi mapya. La kushoto alishampa fundi alipanue.

"Mguu ukianza kujaa, usihangaike kama mimi," alisema, akijitupa kitini.

Muuguzi aliyekuwa akikunja shuka alitabasamu. "Mama, siku hizi hatutoi tezi zote. Daktari anatia rangi, halafu anatoa zile tezi ambazo rangi inazifikia kwanza. Sikitu katolewa mbili tu, zikapimwa, zikaonekana safi. Huenda mguu usivimbe kabisa."

"Hata zangu zilikuwa safi," alisema Zawena. "Zote. Waliniambia kama habari njema."

Muuguzi akaacha kukunja. Zawena akaanza kuyarudisha makubazi mfukoni, taratibu, kama mtu aliyechoka hata kukasirika.

"Nitakutafutia mengine," alisema.

"Lete hayohayo, dada."

Sikitu akayavaa. Hatua ya kwanza tu, kubazi la kushoto likabaki nyuma. Akalirudia, akakunja vidole kulishikilia.

"Limenikaa," alisema, akampa dada yake mkono.

Wakashuka ngazi polepole, kila mmoja akiuburuta mguu wake wa kushoto.