Alama za Mdomo Ukutani

Ijumaa, mwezi tatu Shaabani, saa kumi alasiri, Hondohondo alitoka kumtafutia mkewe matunda, akanyakuliwa na tai.

Matangani, Kasuku, ambaye husema alichosikia, akarudia hadithi ya siku zote: Hondohondo alimfungia mkewe ndani ya shimo la mti kwa wivu, akaziba mlango kwa udongo.

"Pole, shemeji," akamalizia. "Angalau sasa u huru."

Mjane alichanganyikiwa. Hadithi hiyo aliikuta tangu utotoni, na ndege wote waliiamini, ingawa yeye alikumbuka mengine. Au msiba umemvuruga akili? Makinda wake walimtazama, wakingoja kujua baba yao alikuwa nani.

"Shemeji," akasema polepole, "hebu chungulia mlango wa shimo letu. Alama za mdomo ziko upande gani wa udongo?"

Kasuku akachungulia. "Mbona ziko ndani?"

"Na ndani alikuwemo nani?"

"Wewe," akajibu Kasuku.

"Nilijifungia mwenyewe kwa mdomo huu, nyoka asile mayai. Yeye aliniletea udongo, kisha chakula, hata siku ile."

Makinda wakamsogelea. Mjane akainamisha kichwa.

"Mola wangu, mume wangu alisimama nje ya mlango wangu mpaka mwisho. Usimwache nje ya mlango wako. Amin."