Mkate wa Bi Mashavu

Zuwena alifuta kwa mara ya tatu, mpaka karatasi ikatoboka. Afisa wa chama cha mikopo, aliyemtembelea kwenye banda lake la kuokea, alikuwa amemchorea safu mbili. Huku gharama zinazobaki palepale hata tanuri likizimwa, kule zinazopanda na kushuka kwa idadi ya mikate anayooka. Kodi ya banda aliiweka huku. Unga, hamira na kuni, kule. Uliomtoa jasho ni mkate mmoja, ule anaompelekea Bi Mashavu kila siku, mama wa mume aliyemwacha Zuwena miaka sita iliyopita.

"Unatoka kwenye unga uleule," alisema kwa hasira, akauandika kule.

"Na siku usipooka?" afisa akauliza.

"Nanunua dukani, nampelekea."

"Hata ukiumwa?"

"Hata nikiumwa."

"Basi umekosea tena, dada. Huo unakaa huku, pamoja na kodi." Afisa akatazama saa yake. "Au ufute kabisa. Mwanawe kaondoka, yule mama si mkweo tena."

Zuwena akaitupa kalamu. "Nimekuuliza gharama, sikukuuliza wakwe!"

Akatoa mkate wa kwanza tanurini, akaufungia katika ileile karatasi iliyotoboka, safu zote mbili, akatoka bila kuaga.

Alivuka njia akiwa bado anang'aka peke yake. Kibarazani kwa Bi Mashavu, vikombe viwili vya chai vilikuwa vimeshamiminwa, vikifuka mvuke.