Maua Yaliyokosekana Kwenye Fomu

"Hatujaanza utafiti bado," daktari alisema. "Nyinyi ndio mnaishi na pumu. Fomu hii imesahau kuuliza nini?"

Wagonjwa na wazazi waliojaa ukumbi wa kanisa la Bahati waliinamia fomu zao.

Rahab alipitisha kidole kwenye orodha: moshi wa kuni, makaa, mafuta ya taa, sigara. Kitu kimoja hakikuwamo. Pareto, maua ya kutengeneza dawa ya wadudu.

Kwenye shamba waliloliacha Januari, vita vilipoanza, kila mvua iliponyesha waliyaingiza maua hayo ndani, wakayatandaza juu ya magunia yakaushwe na joto la jiko. Asubuhi nyumba nzima ilinukia. Kwa miezi minane sasa, kila alipoikumbuka harufu ile, Rahab alikuwa kwao tena, mlango wazi, kuku wakilia uani. Kuitaja hapa kungekuwa kama kuishitaki nyumba yake.

Binti yake aliyeketi kando alivuta pumzi, kifua kikitoa mluzi mwembamba.

"Mum, si useme ile maua?" akanong'ona.

"Unayakumbuka?"

"Nilikuwa nalala hapo. Ilikuwa inanukia poa."

Rahab aliikunja fomu, akaikunjua, akailainisha juu ya goti kwa kiganja. Kisha akainua mkono.

"Daktari, andika pareto."

Daktari akafungua kalamu. "Mlikuwa mnaanika wapi, mathe?"

Rahab akamtazama binti yake kwanza.

"Karibu na kichwa chake."