Mhanga na Sheria za Ngiri

Siku moja jua lilikausha bonde la Ngiri na mto uliopakana nalo. Ngiri, mtawala mwenye meno makali na kauli nyingi, akamwita Mhanga avuke kutoka ng'ambo, kwani alisifika kwa kuchimba.

"Karibu, dada! Hapa kwetu, kila achimbaye ni mwenyeji," alisema, na hiyo ikawa sheria.

Mhanga akachimba visima, na wanyama wote wakanywa.

Mvua ziliponyesha, Ngiri akatangaza kuwa mwenyeji ni aliyezaliwa bondeni. Mhanga alikuwa amezaa humo.

"Basi mwanangu ni mwenyeji, nami ni mamake," akasema.

Ngiri akageuza tena: mwenyeji ni yule ambaye mama yake alizaliwa bondeni. Akaitisha baraza ili wafukuzwe wote wawili.

Mhanga akasimama barazani. "Na mama yako, Bwana Ngiri, alizaliwa wapi?"

"Hilo halikuhusu!"

Kobe mkongwe akaangua kicheko. "Ng'ambo! Nilimwona akivuka, akikimbia moto, na mimba yako tumboni."

Baraza zima likamgeukia Ngiri.

"Basi... sheria hii tuifute," akababaika.

"Ufute usifute, mimi siondoki," Mhanga alisema. "Hata shimo unamolala nimelichimba mimi."

Hakuna aliyethubutu kumgusa. Tangu hapo ngiri huingia shimoni kinyumenyume, macho yakitazama nje, akihofia atakayekuja kumuuliza kwao ni wapi.