Pachapacha

"Leo kaniwahi," alisema mke wa seremala, akijikalia kwenye kigoda mlangoni mwa karakana. "Sijamaliza hata kufungua mlango, keshasema 'Pachapacha!'"

Seremala hakuinua kichwa. Aliisukuma randa kwa nguvu hadi ubao ukalalama.

"Nani huyo?" aliuliza, kama vile hajui.

"Si yule wangu wa asubuhi!"

Wangu! Basi seremala akazidi kuikandamiza randa.

Mchezo wenyewe ni wa kitoto. Ukivunja lozi ukakuta viini viwili ndani ya ganda moja, unakula kimoja na kumpa mwenzako cha pili. Mkikutana tena, atakayetangulia kusema "Pachapacha!" ndiye mshindi, na aliyeshindwa hutoa leso, au kitana, au anaimbishwa wimbo hata kama sauti yake ni ya chura. Neno hilo halisemwi ovyo. Humwambii shemeji, humwambii jirani. Ni neno la watu wawili, na seremala alilijua vizuri kuliko mtu yeyote, kwa kuwa ndilo alilomchumbia nalo mkewe. Miaka arobaini walikuwa wakiviziana nalo milangoni, jikoni, hata msibani siku moja, wakatazamwa vibaya na ukoo mzima.

Sasa lilikuwa likisemwa sebuleni kwake, asubuhi kweupe, na mwanamume aliyevaa shati lililopigwa pasi. Kila siku saa tatu, hodi mlango wa mbele. Binti yao huandaa vikombe viwili, kisha vicheko. Saa nne na nusu mgeni huaga, na muda si mrefu randa huanza tena kulia uani.

Yeye seremala alikuwa anaitwa "Fundi" tu, tangu mwaka jana. Si baba fulani, si mume wangu. Fundi, kama wateja wanavyomwita. Akufukuzaye hakwambii toka.

"Ana nini huyo ambacho mimi sina?" aliuliza.

Mkewe alimtazama kuanzia aproni yenye gundi mpaka vumbi la mbao kwenye nyusi. "Anachekesha. Wewe huchekeshi, Fundi. Na kile kiti changu bado kinayumba."

Seremala akaweka randa chini. Mfukoni alikuwa na lozi chache. Akazipasua moja moja kwa nyundo juu ya meza ya kazi mpaka akapata aliyoitaka. Viini viwili. Akamnyooshea mkono, kiini kimoja kiganjani.

"Kula na mimi," alisema. "Kesho tuone nani ataanza."

Mkewe aliurudisha ule mkono, tena kwa adabu, na adabu ile ndiyo iliyomuumiza zaidi. "Hivi mimi nile na kila mtu? Nina mwenzangu." Akainuka, akajipangusa gauni. "Mwenye wivu ajinyonge."

Jioni seremala alimkuta binti yake anaosha vikombe.

"Kesho yule haji," alisema. "Nimechoka. Nyumba hii nimeijenga mimi, tofali kwa tofali, halafu anayepokewa kwa vicheko ni yeye!"

"Baba, muache aje. Siku hizi mama anasahau hata kula, lakini akija yeye, anakula."

"Atakula hata asipokuja. Atanizoea mimi."

"Haya," binti alisema, akikausha mikono. "Utaona mwenyewe."

Kesho yake saa tatu ikapita bila hodi. Seremala aliranda asubuhi nzima, akijiona kidume aliyelinda boma lake. Mchana aliingia ndani na kumkuta mkewe kwenye kiti kinachotazama mlango, kajipaka wanja, kafunga kitambaa kizuri kichwani. Chai ilikuwa imeota utando. Mkate haujaguswa.

"Fundi, umemwona?"

"Sijamwona."

"Akija usimfukuze. Nakujua wewe."

Siku ya pili hakujipaka wanja. Hakuuliza kitu. Binti alimbembeleza kwa kijiko kama mtoto, mama akageuza uso ukutani. Seremala akajaribu yeye, mkewe akala vijiko viwili, kisha akamwambia, "Asante, Fundi, nenda kafanye kazi yako." Alirudi karakana akakaa juu ya mbao bila kushika kitu. Wivu haukuwa umepungua hata chembe. Alimchukia yule mwanamume wa asubuhi kwa kila kicheko alichowahi kupewa, na akajua kwamba bila yeye mkewe angekauka pale kitini.

Asubuhi ya tatu alimwambia binti yake aandae vikombe viwili.

Akavua aproni. Akajisugua gundi vidoleni, akapangusa nyusi, akavaa shati jeupe lililopigwa pasi. Akatoka kwa mlango wa uani, akaizunguka nyumba mpaka barabarani, akasimama mbele ya mlango wake mwenyewe, na kubisha hodi.

"Pachapacha!" mkewe alipiga kelele kabla mlango haujafunguka wote. Macho yalimng'aa. Akamvuta ndani kwa mkono, akachungulia upande wa karakana, kisha akamnong'oneza sikioni:

"Punguza sauti. Kuna fundi huko nyuma, ana wivu huyo!"