Mti wa Jabalini

Sikudhani alifungua boksi lenye mti kutoka kwao. Kaka yake alikuwa ameuchimbua mti ule mfupi, uliopinda kama mgongo wa ajuza, kabla jabali la kwao halijalipuliwa kwa baruti, akautuma kwa basi. Gunia lililofunga mizizi lilikuwa limekauka kau.

"Umekufa huu," alisema mumewe, Shamte.

"Usiseme hivyo, baba Rehani. Nishikie shina."

Akakata mizizi iliyonyauka, akaupanda kwenye chungu kipana chenye kokoto na mchanga, akaufunga kwa kamba usitikisike. Akaumwagilia. Kisha akakwangua gome kwa ukucha, pumzi kaibana. Ndani mlikuwa na ukijani, mwembamba kama uzi.

"Utapona?" Shamte aliuliza, sasa kwa sauti ya chini.

Sikudhani alivua kanga begani, akasimama akiukinga mti na jua, huku majani yakidondoka moja moja.