Msalaba Katikati ya Ziwa

Kalamu nyekundu ya madam wa jiografia ilishapita juu ya msalaba wa Gaudensia kabla hajamuuliza kitu.

Darasa la Nne walikuwa wanachora ramani ya kijiji chao, na alama ziliandikwa ubaoni: duara ni kisima, msalaba ni kaburi. Gaudensia alipatia kila kitu, nyumba yao, shule, hata mwalo boti zinaposhushia dagaa. Msalaba tu ndio aliuweka ndani ya ziwa.

"Sasa wewe, kaburi linakaaga majini?"

"Kwao wanazikwaga na sangara!" akadakia mmoja wa nyuma, darasa zima likacheka.

Gaudensia alilamba kidole, akaanza kuusugua ule wino mwekundu polepole, mpaka karatasi ikaota manyoya.

"Nyumbani tulizika mgomba, madam. Boti ya baba ilizama ikienda Mwigobero. Walimtafuta siku tisa wakachoka, ndiyo bibi akasema ukatwe mgomba, uvalishwe shati lake, uzikwe. Pale nyumbani hakuna mtu. Baba yuko hapa."

Kicheko kilikatika. Madam aliifunika kalamu yake.

Karatasi ilianza kutoboka. Gaudensia hakuacha kusugua.

"Hii nilikuwa namchorea mama. Kila jioni anaendaga kuulilia ule mgomba. Sasa akiona kosa jekundu, madam, si atajua baba hayupo hata huku?"